Siku Mtaa Ulipomlilia Zuhura

Siku hizi nalala mchana. Nikishaswali adhuhuri na kula, najilaza kwenye kochi la dirishani, na kelele za Kariakoo zinapanda kutoka chini polepole mpaka zinakuwa kama maji. Muuza viatu anaita wateja, bajaji inapiga honi, mkokoteni unaomba njia, mwanamke anacheka mahali. Hapo ndipo uwanja unapokuja. Unakuja mweupe, hauna watu, mistari yake imepakwa chokaa upya. Nasimama na kipaza sauti mkononi natafuta majina, na majina yanakuja yenyewe, ya miaka yote, na kila ninayemtaja anaingia mbio akiwa na umri uleule aliokuwa nao. Hakuna anayezeeka pale isipokuwa mimi.

Nyinyi vijana mnaosomea habari mnanipigia simu, "Shikamoo, Mama Tunu, hivi mtu anaingiaje kwenye kazi yako?" Naitika marahaba halafu nakosa la kusema, maana mimi niliingia kama mtu anayeingia dukani kujikinga na mvua. Nilikuwa mpiga chapa katika chuo kimoja cha katikati ya mji, kati ya Mnazi Mmoja na Upanga. Siku moja Mzee Kondo, aliyekuwa akishughulikia habari za michezo za chuo, akasimama mlangoni kwetu na kandambili zake. Alikuwa amestaafu redioni, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Akauliza, "Nani hapa anaweza kuandika jina la mtu bila kulikosea?" Wenzangu wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono.

Ndiyo usaili wote huo.

Mzee Kondo alikuwa na mambo yake. Hakukubali niandike jina la mchezaji kwa kusikia kwa kocha. Nilimfuata mchezaji mwenyewe, nikamwomba alitamke, nikalirudia mbele yake. "Mama yake atasoma hili gazeti," aliniambia. "Mabao atayaruka. Jina ataliangalia kwa kidole." Alinifundisha pia kwamba tukifungwa, taarifa yetu iwafikie waandishi haraka kuliko siku tuliyoshinda. Chuo kinachoficha kichapo, siku kikishinda hakuna mhariri anayekiamini.

Na kila mwanzo wa msimu tulizunguka kwa wazazi wa wachezaji. Hilo sikulielewa. Tulipanda ngazi za Upanga, tukavuka kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni, tukapita Mchikichini katikati ya marundo ya mitumba kumtafuta mama mmoja muuza mashuka. Tunakunywa chai, tunasalimiana, tunaondoka. Hatuandiki chochote. Nilimuuliza, mzee, hii nayo ni kazi? Akasema, "Hii ndiyo kazi. Ile nyingine ni kuchapa tu."

Zamani hizo nilikuwa nikipeleka matokeo kwa miguu kwenye ofisi za magazeti, jasho linanitoka, nikiomba Mungu mhariri wa michezo asiwe ametoka kunywa kahawa. Ikaja faksi, tukaona dunia imefika mwisho wa maendeleo. Kipaza sauti hatukuwa nacho. Siku tunafungua mashindano ya vyuo nikaazima kimoja kwa jirani yangu anayeuza dawa za wadudu karibu na Mtaa wa Congo, kile cha kushika mkononi. Wageni wakaingia uwanjani wamejipanga vizuri, sketi zimenyooshwa, nikawataja mmoja mmoja kwa heshima zote. Nilipomaliza nikabonyeza kitufe nikidhani nazima. Kumbe nimewasha tangazo la jirani yangu. Uwanja mzima ukasikia: "Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya kunguni! Panya anakufa hanuki!" Kocha wa wageni alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Mzee Kondo alikaa chini kabisa akicheka, machozi yanamtoka. Tukafungwa siku hiyo. Wageni walicheza kwa hasira.

Mzee Kondo akaondoka duniani, mimi nikashika nafasi yake. Simu za mkononi zikaingia, kisha zile zenye kamera, na matokeo yakaanza kufika mjini kabla filimbi haijalia. Nilikuwa mtu mzima tayari, naelekea kustaafu, nilipompata Zuhura.

Zuhura alikuwa mfungaji wa timu yetu ya netiboli. Mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kufumba macho kidogo kabla ya kurusha mpira, kama mtu anayekumbuka kitu. Mpira ulikuwa ukipanda, ukakaa hewani zaidi ya ilivyo kawaida, halafu ukapita kwenye pete bila kuigusa. Mafundi cherehani wa jengo la jirani waliacha kazi zao wakapanga viwiko ukutani kumwangalia. Baba yake, Mzee Salehe, alikuwa na duka jembamba Mtaa wa Swahili, la vifungo, nyuzi na zipu. Mama yake alishafariki. Nilipokwenda kunywa chai mwanzo wa msimu, Mzee Salehe alinikalisha kwenye stuli katikati ya maboksi ya vifungo vya kila rangi, jua la mlangoni likivipiga, nikajiona kama nimekaa ndani ya shanga. Akaniuliza swali moja tu.

"Bi Tunu, huko anacheka?"

Nikamwambia anacheka. Akaridhika.

Fainali ya vyuo ilichezwa kwetu. Alasiri, jua kali, ukuta wa mafundi umejaa vichwa. Robo ya tatu tulikuwa tumefungana na wageni. Zuhura akapokea mpira ndani ya duara, akafumba macho kama kawaida yake, tukasubiri. Mpira ukamtoka mikononi ukadundadunda pembeni. Halafu yeye mwenyewe akashuka taratibu, magoti kwanza, kama mtu anayesujudu, akalala ubavu.

Kocha wetu, Mwalimu Grace, mama mmoja wa Songea mwenye mbio kuliko wachezaji wake, alimfikia wa kwanza. Akaita kanga. Wasichana wakavua kanga mabegani, wengine wakazishika juu wakamzungushia asionwe, na moja ikatandazwa juu yake kumkinga na jua lililokuwa linachoma. Nilisimama na kipaza sauti nikawaomba watu wapishe njia. Gari la wagonjwa likaja, Mwalimu Grace akapanda naye, wakaelekea hospitali ya pale Upanga. Kabla mlango haujafungwa nilimwona Zuhura anageuza kichwa. Macho yalikuwa wazi. Mechi ikasimamishwa.

Bado nimesimama palepale, simu ikaita. Kijana wa redio, ninayemfahamu.

"Shikamoo, mama. Pole sana na msiba."

"Msiba gani?"

"Wa yule mchezaji wenu. Video tunayo. Tunataka uthibitisho tu, na maziko ni wapi."

Akanitumia. Nikaitazama kiganjani, kitu kilichotokea muda mfupi uliopita mbele ya macho yangu mwenyewe, na nikiri kwamba hata mimi nilishtuka. Ilikuwa fupi. Msichana yuko chini. Kanga zinapandishwa. Kanga moja inatandazwa juu yake. Wenzake wanalia. Basi. Kwa mtu yeyote wa Pwani, mwili unaofunikwa kanga una maana moja.

"Yuko hai," nikamwambia. "Nimemwona kwa macho yangu. Tangaza hivyo, useme umeambiwa na mimi."

Akasema sawa. Wakati huohuo simu ikawa inatetemeka na namba nyingine, na nyingine. Waandishi wote wa mji walikuwa wananitafuta. Mkuu wa chuo naye alikuwa anapiga. Vijana, mtafundishwa kwamba saa kama hiyo unakaa mezani na kuandika taarifa. Mimi nilimwona akilini Mzee Salehe kwenye stuli yake. Nikampigia. Simu yake ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Watu walikuwa wameshaanza kumpigia.

Nikatoka getini nikapanda bodaboda. Tulipofika Msimbazi barabara ilikuwa imeziba, malori yanashusha mizigo, nikashuka nikaanza kukimbia. Mwanamke wa umri wangu, na baibui, anakimbia Kariakoo saa za jioni! Watu walinipisha wakidhani nafukuza mwizi. Na sijui niwaelezeje: zile kelele zote zilinipotea. Niliona midomo ya wauzaji inafunguka na kufungika. Niliona mabeseni ya plastiki yamepangwa juu kwa juu, bluu na nyekundu, na mapazia yanapepea kama kuna upepo ambao sikuusikia. Nilikuwa napita ndani ya kitu kama usingizi, na kitu kimoja tu kilikuwa macho, jina la yule mtoto, nalitamka kwa kila pumzi kama nilivyofundishwa, nisilikosee.

Mtaa wa Swahili nikakuta jamvi limeshatandikwa.

Majirani walikuwa wameteremsha nusu ya mlango wa duka. Wanaume wamekaa kwenye jamvi wameinamisha vichwa, kijana mmoja anafunga turubai. Wanawake walikuwa wanapanda ngazi za nyumbani kwake, kanga kichwani. Mmoja wao aliniona, akanitambua, mama wa chuo, yule wa habari. Akajishika kichwa akapiga yowe. Na wote wakapokea.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Walikuwa bado na tumaini kidogo, uvumi ni uvumi. Mimi kufika pale natweta, nimelowa jasho, ndiyo ikawa uthibitisho.

"Yuko hai!" nikasema. Hakuna aliyesikia. Mimi niliyezoea kuongea na uwanja mzima, sauti ilinitoka kama ya kifaranga. "Yuko hai jamani!" Wakanishika mikono wakanibembeleza, wakidhani nimechanganyikiwa kwa majonzi.

Nikajipenyeza dukani. Mzee Salehe alikuwa amekaa mahali pake. Mkononi ameshika vifungo vya mteja, vyeupe, na alikuwa anavipanga juu ya kaunta mstari mmoja, anavivuruga, anavipanga tena. Hakuinua uso.

"Bi Tunu," akasema, "umekuja mwenyewe. Ahsante."

"Mzee Salehe, hajafa. Alianguka. Yuko hospitali."

"Ahsante," akarudia.

Hakuwa anasikia maneno. Nikampigia Mwalimu Grace. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nje kilio kilikuwa kinapanda. Mara ya tatu akapokea, ananong'ona, manesi wamemkataza simu.

"Grace, mpe Zuhura."

"Dada Tunu, amewekewa oksijeni, daktari amesema asi..."

"Mpe neno moja. Baba yake ameshatandikiwa jamvi."

Nikasikia mtu anahojiana na nesi, kitanda kinalia. Nikaiweka simu kwenye sikio la Mzee Salehe, nikaishikilia mwenyewe maana mikono yake ilikuwa imejaa vifungo. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Sauti ikaja nyembamba, imekauka.

"Baba. Shikamoo."

Vifungo vikaanza kumdondoka, kimojakimoja, vikaruka sakafuni.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Marahaba, mwanangu." Halafu akashindwa kuacha. Marahaba, marahaba, marahaba, akiitikia kama vile ameamkiwa na dunia nzima. Akasimama hivyohivyo, akatoka na simu sikioni mpaka mlangoni, na jamvi zima likanyanyua vichwa kumwangalia mzee anayemjibu salamu marehemu.

Wanawake walishuka ngazi wakipiga vigelegele na machozi hayajawakauka. Jamvi halikukunjwa. Mtu alileta kahawa, mwingine tende, wakakaa mpaka magharibi, msiba ukageuka kuwa nini sijui, hakuna jina lake. Mzee Salehe hakukaa nao. Tuliondoka pamoja kwenda Upanga, yeye mbele. Pale kitandani Zuhura alimwachia baba yake mkono akanigeukia mimi.

"Mama Tunu, tumeshinda?"

"Mmesimamishwa. Mmefungana."

Akafumba macho, ametosheka.

Asubuhi yake daktari aliwaeleza yeye na baba yake. Moyo ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa, na yeye hakuwahi kujua. Nilipoingia wodini kumwuliza niseme nini kwa waandishi, alikuwa amegeukia ukutani.

"Usiseme moyo," akaniambia. "Naomba. Mtaa umeshanizika mara moja. Wakisikia moyo watanitazama kama ninayengoja mara ya pili."

Nikaandika taarifa. Ilikuwa fupi: mchezaji wetu Zuhura alizirai uwanjani, yuko hospitali, anaongea, familia yake iko naye, na mengine atayasema mwenyewe akipenda. Nikaipeleka kwa mkuu wa chuo.

Akaisoma, akavua miwani. "'Akipenda' ndiyo nini, Bi Tunu? Wazazi wako getini. Wanasema tunawachezesha watoto juani hawajala. Andika ni ugonjwa wa moyo, alizaliwa nao, yaishe."

"Chakula ni chetu, mkuu, tuwaambie wanakula nini na wanapimwa lini. Moyo ni wa Zuhura."

"Unajua unaweza kuharibu chuo?"

"Najua."

Aliirudisha karatasi mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mimi pia. Nilikuwa nimebakiza kidogo nistaafu, na niliona safari yangu yote ikiishia kwenye karatasi ile. Mwishowe akasema, "Basi iende kwa jina lako. Siyo langu."

Ikaenda kwa jina langu.

Hizo siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Redioni walinijadili. Mpigaji mmoja akasema Zuhura amekufa kweli na mimi nimelipwa kuficha. Gazeti moja likaandika malaria, jingine likaandika kijicho cha wageni. Sikumjibu yeyote kuhusu ugonjwa. Wazazi waliokuja getini niliwachukua mwenyewe mpaka jikoni wakaonja ubwabwa, nikawakalisha na Mwalimu Grace wamhoji wanavyotaka. Na kabla ya mchezo mwingine wowote, mkuu wa chuo aliagiza wachezaji wote wakapimwe mioyo. Hilo alilifanya kimya kimya, bila kuniambia, na ndiyo maana nasema hakuwa mtu mbaya. Mechi ilirudiwa bila Zuhura. Tukafungwa, na taarifa yangu ilitoka kabla waandishi hawajafunga mikoba yao.

Zuhura alikuja ofisini wiki kadhaa baadaye, na baba yake nyuma. Amepungua, shingo imekuwa ndefu zaidi. "Nimepumzika vya kutosha," akasema. "Waite."

Tuliweka viti uwanjani. Waandishi walijaa, na ukutani mafundi cherehani wamejipanga. Alisema mwenyewe, kwa sauti ya chini mpaka watu wakaacha kukohoa: moyo una kasoro, anatibiwa, hatacheza tena. Yule kijana wa redio akanyoosha mkono akauliza anajisikiaje. Zuhura akaangalia pete ya goli kwa kitambo.

"Nina hamu na mpira," akasema.

Hakuna aliyeuliza swali jingine. Nimekaa kwenye mikutano ya waandishi mingi sana maishani mwangu, na ule ndio pekee nilioona wanaondoka kwa kunyata.

Baada ya hapo akawa anakuja kwangu kila akitoka darasani. Anakaa kwenye kiti cha dirishani, wenzake wanafanya mazoezi chini, yeye anatazama tu. Kuna wakati mtu anahitaji dirisha na mwenzake wa kukaa naye, chai ikipoa mezani. Halafu siku moja nikiwa nachapa nikasikia anasema taratibu, kana kwamba anaota, "Mwanahawa amepokea. Anamwangalia Neema. Hapana, anarudisha nyuma." Hakujua kwamba anaongea kwa sauti. Nikaacha kuchapa nikasikiliza. Alikuwa anauona mpira kabla haujafika.

Nilimfundisha ninachokijua. Majina kwanza. Kichapo kitoke mapema. Chai ya wazazi. Uzime kipaza sauti kwa kitufe cha kulia. Alicheka sana kuhusu panya.

Mechi yake ya kwanza kutangaza ilikuwa siku ya ufunguzi wa msimu uliofuata, na mimi nilikuwa nimekwisha kuaga kazi, nimealikwa kama mgeni. Nilikaa benchi la nyuma. Ilifika zamu ya kutaja kikosi chetu, na nafasi ya mfungaji ilikuwa ya msichana mwingine, mpya kabisa kwenye timu. Zuhura akanyamaza kidogo. Uwanja wote ulijua kwa nini. Kisha akayataja majina ya yule msichana polepole, yote matatu, kila herufi imekaa mahali pake, na yule mtoto akaingia uwanjani akikimbia kama aliyesukumwa na upepo.

Pembeni yangu alikuwa Mzee Salehe, amefunga duka alasiri ya siku ya biashara, jambo ambalo majirani zake hawajalimaliza kulizungumza. Mtu mmoja aliyeketi mbele yetu akageuka, akamwona mzee wa watu amekaa na kofia yake safi, macho yanang'aa, akamuuliza kwa wema, "Mzee, una mtoto anacheza leo?"

"Hapana," akasema Mzee Salehe. "Wangu ndiye huyo anayeongea."